Tangi la Samaki Wadogo Kwenye Baridi ya Mbeya na Iringa: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali yanajirudia kila msimu wa baridi. Hita ni lazima? Mbona gapi (guppy) walitoka Dar wazima, wamefika Mbeya wakaisha ndani ya wiki moja? Nikipanda mimea mingi bado nahitaji pampu? Naweza kushuka Matema nikachota samaki wa Ziwa Nyasa nikawaweka sebuleni? Nayajibu yote hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

La Matema nilimalize kwanza. Mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa wenye rangi za bluu na njano, wanapendwa dunia nzima, lakini ni wagomvi. Dume hulinda eneo lake kwenye mawe, mimea hung'olewa na kutafunwa, na samaki mpole akiwekwa nao hana pa kukimbilia. Wanafugika, ila kwa tangi kubwa, mawe mengi na uzoefu. Hapa tunazungumzia samaki wa sentimita tatu hadi sita wanaoogelea kwa kundi katikati ya majani.

Maelekezo mengi utakayokutana nayo yameandikwa na mtu anayeishi kwenye joto, au kwenye nchi ambako nyumba nzima hupashwa moto. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni zaidi ya mita 1,500, na Njombe imezipita zote mbili. Juni hadi Agosti baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba zetu hazina cha kuzipasha joto. Mchana jua linachoma. Huku samaki wa kwanza huuawa na huko kupanda na kushuka kwa joto, kukichanganyika na haraka ya mwenye tangi. Msomaji wa Kyela, wewe uko chini kando ya ziwa. Ruka habari za hita, soma zilizobaki.

Pima chumba kabla ya kuchagua samaki

Jaza maji ndoo ya lita 20, iweke pale pale tangi litakapokaa, ifunike. Pima joto la maji saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri kwa wiki nzima. Tumia kipimajoto cha tangi; kile cha kupimia homa hakisomi joto la chini namna hiyo. Ukipima Desemba, jua kwamba Julai itakuja na namba za chini zaidi, na panga kwa Julai.

Sasa una njia mbili.

*Bila hita.* Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa watu wengi wa Mbeya, Mafinga na Njombe, kama maji ya asubuhi hayashuki chini ya nyuzi 14. Samaki wake ni Tanichthys albonubes, ambaye wauzaji humwita waitiklaudi. Ni mwembamba, ana mstari unaong'aa ubavuni na mapezi yenye wekundu, na alielezwa kisayansi mwaka 1932 kutoka mlima ulio karibu na Guangzhou, China. Anastawi kati ya nyuzi 14 na 22, yaani joto la sebule ya Mbeya lilivyo. Watu humpita dukani kwa sababu akiwa kwenye mfuko huonekana kijivu tu. Mpe mwezi mmoja kwenye mimea na mchanga mweusi chini, ndipo utaona rangi yake.

Chumba kisichoshuka chini ya nyuzi 18 kinakuongezea wengine: danio wa milia, yaani Danio rerio, mwenye mbio na asiyechoka, na Corydoras paleatus, mwenye madoadoa, anayetafuta chakula chini kwa sharubu zake. Plati wa aina ya Xiphophorus variatus kutoka Mexico naye huvumilia ubaridi kuliko plati wengine. Andika majina haya ya kisayansi kwenye simu umwonyeshe muuzaji, maana majina ya dukani hubadilika kila mji.

*Kwa hita.* Hapa ndipo wanapoingia gapi, plati wa kawaida na neoni tetra, kwa maji ya nyuzi 23 hadi 25. Hita ya wati 100 ikiwaka kwa jumla ya saa 12 kwa siku hula uniti 1.2 za LUKU. Zidisha kwa siku 30, kisha uamue kama bajeti ya nyumba inakubali. Usije ukaanza na gapi Machi halafu ukaizima hita Juni kwa sababu uniti zinaisha.

Usichanganye njia hizi mbili kwenye tangi moja. Waitiklaudi kwenye nyuzi 26 huishi maisha mafupi, na gapi kwenye nyuzi 16 hukunja mapezi na kuugua.

Wa kuwakwepa hata ukipewa bure: samaki wa dhahabu, ambaye hukua mkubwa na kuchafua maji sana; tetra au babu (barb) wenye tabia ya kung'ata mapezi, hasa babu wa milia kama chui milia (tiger barb); pleko, yule mweusi wa kunyonya vioo, ambaye hupita sentimita 30; na vifaranga vya perege au sato, ambavyo ni vya bwawani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangi la kioo la lita 60 hivi. Sentimita 60 kwa 30 kwa 36 ni saizi nzuri. Usianze na bakuli; maji machache hupoa upesi na kuchafuka upesi. Ukitengenezewa na fundi vioo wa mtaani, taka kioo cha milimita 6 na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Silikoni ikauke siku tatu au zaidi, na kwenye baridi ongeza hadi wiki.
- Meza imara iliyonyooka. Tangi hilo likijaa maji, mchanga na mawe hukaribia kilo 90. Chini yake weka ubao wa povu, ule mweupe wa kufungashia televisheni.
- Kichujio cha sponji na pampu ya hewa, pamoja na vali ndogo ya kuzuia maji kurudi kwenye pampu umeme ukikatika.
- Kipimajoto.
- Hita yenye themostati, yaani inayojizima na kujiwasha kufuata joto, kwa njia ya pili. Wati 100 zinatosha lita 60 kwa vyumba vingi. Mtu wa Makete au Njombe anunue mbili za wati 75: moja ikigoma, nyingine inashikilia, na moja ikikwama kwenye kuwaka, haina nguvu ya kuwapika samaki upesi.
- Taa nyeupe ya LED na mfuniko.
- Mchanga wa mto uliochekechwa, ndoo mbili ambazo hazijawahi kuona sabuni, mpira wa kunyonyea maji, kineti (wavu mdogo wa kuchotea samaki).
- Dawa ya kuondoa klorini, na vipimo vya amonia, nitriti na nitrati ukivipata.
- Mimea. Nitaifikia.

Ndoo, mpira na bomba la kupulizia vilivyowahi kutumika shambani viache huko huko. Huku kwetu kila nyumba ina pampu ya kupulizia viazi, nyanya au kahawa, na mabaki kidogo ya dawa, ukiwemo mrututu, yanatosha kumaliza tangi zima.

Hatua

1. Chagua mahali. Mbali na dirisha la jua, mbali na mlango unaopitisha upepo, mbali na jiko la mkaa. Watu wengi huota moto sebuleni Julai. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba hicho hicho na kuiingiza majini pamoja na moshi wake. Ukuta wa ndani ni bora kuliko ukuta wa nje, ambao hupoa usiku kucha. Ubao wa povu ukiupachika nyuma ya tangi, joto hupotea kidogo.

2. Safisha na ujaribu mchanga na mawe. Osha mchanga kwa maji matupu hadi maji yatoke safi. Kisha dondoshea siki au ndimu juu ya kila aina ya jiwe na mchanga. Likitoa mapovu, lina chokaa, na litafanya maji yawe magumu taratibu. Mawe ya upande wa Songwe yachunguze sana, ndiko chokaa ya kiwanda cha saruji inakochimbwa. Majabali ya Iringa ni matale, hayana shida hiyo. Mawe mepesi ya volkano ya Rungwe ni salama pia, ila mengine huelea; yaloweke wiki nzima, yanayogoma kuzama achana nayo.

Kigogo cha mpera kilichokauka miaka mingi ni pambo zuri. Kichemshe, kiloweke, ubadilishe maji yanapogeuka rangi ya chai. Paini na mlingoti (mkaratusi) usitie. Paini lina utomvu, na utomvu hauishi kwa kuchemsha sufuria moja.

3. Weka mchanga, mawe na kichujio. Mchanga sentimita tano, uwe mwingi nyuma na mdogo mbele. Mawe yakae juu ya kioo cha chini, mchanga umwagwe kuyazunguka, yasije yakaporomoka samaki wa chini akichimba. Usiweke samadi wala udongo wa bustani ulioutia mbolea. Najua kuna wanaotumia udongo chini ya mchanga na wanapata misitu ya ajabu; fanya hivyo kwenye tangi la pili.

4. Jaza maji. Weka sahani juu ya mchanga, mimina juu yake. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha ndooni usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini hakuondoi kloramini, dawa nyingine ya kusafishia maji ya bomba, na huwezi kuijua kwa kunusa. Maji uliyoyatia dawa ya kutibu maji ya kunywa usiyatumie kabisa. Masika bomba likitoa tope, yaache yatulie siku mbili, uchote ya juu. Maji ya mvua matupu ni laini mno kwa gapi na plati. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba, na mvua ya kwanza ya Novemba inayoosha vumbi la bati iache ipite.

5. Panda mimea siku hiyo hiyo. Wengi husubiri hadi samaki waingie, nao wanapoteza msaada mkubwa. Mmea unaokua hunywa amonia moja kwa moja.

Anza na migumu: Anubias, mwenyeji wa Afrika Magharibi na Kati, Microsorum, jamii ya kangaga (fern), Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, ambayo imo hata Ziwa Nyasa, na Ceratophyllum, isiyo na mizizi, inayokua haraka kuliko zote na kustahimili baridi. Kama utanunua mmoja tu, nunua Ceratophyllum. Anubias na Microsorum usifukie shina lake mchangani, litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au kigogo. Vallisneria ifukie mizizi, shingo ibaki juu.

Mimea ya kuokota bwawani ina wenyewe. Viluwiluwi vya kereng'ende hula samaki wadogo, ruba huganda, na konokono wa maji ya Mbarali au Kyela wanaweza kuwa wale wanaoeneza kichocho, kwa hiyo usiwashike kwa mikono mitupu. Ikibidi, weka mimea hiyo kwenye ndoo peke yake wiki mbili, uisuuze kila siku mbili, utoe kila kinachotembea. Gugumaji usilete nyumbani kabisa.

6. Washa vifaa. Pampu saa 24. Taa saa sita kwa siku mwezi wa kwanza, baadaye nane. Waya ziwe na mkunjo unaoning'inia chini ya soketi, tone likiteleza lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme. Hita iwekwe majini, isubiri nusu saa, ndipo iwashwe. Na izimwe kabla ya kila kazi ya kupunguza maji. Hita iliyo moto ikibaki hewani halafu ikamwagiwa maji baridi hupasuka.

Kuhusu pampu na mimea: ndiyo, bado unaihitaji. Mchana mimea hutoa oksijeni, usiku nayo huitumia kama samaki. Tena sisi tuko juu, hewa ni nyepesi. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Hapa Mbeya ni kama 7.4. Baridi hufidia kiasi, kwa sababu maji yanavyopoa ndivyo yanavyoshika zaidi. Mwenye hita ndiye asithubutu kuzima pampu.

7. Subiri. Hii ndiyo hatua inayoua samaki wengi kwa kurukwa. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria fulani huibadilisha kuwa nitriti, nayo ni sumu. Wengine huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Linawahitaji wakue kwenye sponji na mchanga, na hilo huchukua wiki nne hadi sita maji yakiwa ya joto. Kwenye nyuzi 17 au 18 huchukua muda mrefu zaidi. Hata kama tangi lako litakuwa la baridi, azima hita, iweke nyuzi 26 kipindi hiki, kisha uishushe kidogo kidogo kabla samaki hawajaja.

Tupia chembe chache za chakula kila siku ili bakteria wapate amonia. Jirani mwenye tangi lenye afya akikukamulia sponji yake chafu kwenye maji yako, amekusaidia kuliko angekupa samaki. Tangi liko tayari unapoweka chakula na kesho yake ukapima amonia 0, nitriti 0, na nitrati imeonekana. Huna vipimo? Subiri wiki nane, uone mimea ikitoa majani mapya, kisha weka samaki nusu kwanza.

Maji huwa meupe kama ya mchele siku za kwanza. Usiyabadilishe yote. Weupe huo utaondoka wenyewe.

8. Safirisha samaki vizuri. Samaki wengi hutoka Dar kwa basi, siku nzima barabarani: joto la Ruaha Mbuyuni, kupanda Kitonga, halafu upepo wa Makambako jioni. Mwombe muuzaji asiwalishe siku moja kabla. Mfuko uwe wa tabaka mbili, maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili, na usikazwe kama puto, kwa sababu hewa ya Mbeya ni nyepesi na mfuko uliofungwa pwani hutuna ukifika huku juu. Mifuko iwe ndani ya boksi la povu, lile la kubebea samaki wa barafu, lililofungwa kwa gundi ya karatasi. Boksi lipandishwe ndani na abiria au kondakta. Kwenye buti lina joto mchana na baridi usiku, na mizigo hulalia juu yake. Uwe stendi basi linapoingia.

9. Waingize tangini. Zima taa. Acha mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa kwa nusu saa ili joto lilingane. Hapa natofautiana na maelekezo ya kawaida ya kudondosha maji ya tangi mfukoni kwa saa nzima. Hayo yanafaa kwa samaki wa duka la mtaa wa pili. Samaki aliyekaa mfukoni saa 12 amejaza maji yale amonia, na hewa ya ukaa aliyoitoa ndiyo iliyoishikilia amonia hiyo isimdhuru sana. Ukifungua mfuko hewa ya ukaa inatoka na amonia inakuwa kali pale pale. Kwa hiyo ukishafungua, ongeza kikombe cha maji ya tangi mara mbili tatu ndani ya dakika kumi, wachote kwa kineti, watie tangini. Maji ya mfukoni mwaga chooni.

Usiwape chakula hadi kesho.

Kwa lita 60 inatosha kundi la waitiklaudi 10, au danio 8, au gapi madume 8 pamoja na neoni tetra 8. Corydoras wawe sita na wawe na mchanga laini. Samaki wa kundi ukimweka mmoja au wawili hujificha hadi afe kwa hofu.

10. Kazi ya kila wiki. Lisha mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na siku moja ya wiki usilishe. Kwenye baridi samaki husaga chakula polepole, Julai punguza. Toa robo ya maji kila wiki, urudishe yaliyotibiwa na yenye joto linalokaribiana, tofauti isizidi nyuzi mbili. Bomba la Mbeya asubuhi ya Julai hutoa maji ya kugandisha vidole: chemsha birika moja, changanya kwenye ndoo, pima, ndipo umimine. Sponji ikamue kwenye maji uliyoyatoa tangini, kamwe usiioshe bombani, klorini itaua bakteria uliowangojea miezi miwili.

Viluwiluwi vya mbu kutoka ndoo safi ya maji ya mvua ni chakula bora kwa samaki wadogo. Vichuje na chujio la chai, usuuze, utoe vyote siku hiyo hiyo vikiwa vidogo, usije ukafuga mbu.

Umeme ukikatika

Saa mbili tatu si kitu. Usilishe, usifungue mfuniko, funika tangi pande zote kwa blanketi ukiacha upenyo wa hewa juu. Ikizidi hapo, chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu mara kumi, kila baada ya nusu saa. Pampu ndogo ya betri inakuondolea kazi hiyo. Mwenye hita achemshe maji kwa gesi, ajaze chupa ya plastiki, aifunge vizuri na kuiacha ielee tangini, akiibadilisha kabla haijapoa. Lengo ni joto lishuke taratibu. Usimwage maji ya moto ndani. Kichujio cha sponji kikizimika usiku mzima, kikamue kwenye maji ya tangi yaliyochotwa pembeni kabla ya kukiwasha tena.

Mambo yakiharibika

*Samaki wote wako juu wanahema.* Pima amonia na nitriti, au kama huna vipimo badilisha theluthi ya maji mara moja na uongeze mapovu. Uliza pia nani amepuliza dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zina viambata vinavyoua samaki kwa kiasi kidogo sana, na pampu huvisukuma majini. Ikibidi kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa taulo bichi, fungua madirisha saa moja, ndipo uwashe. Usisahau kuwasha.

*Chembe nyeupe kama chumvi kwenye mapezi.* Ni vimelea, na hushika zaidi baada ya baridi ya ghafla. Kwa samaki wa hita, pandisha joto nyuzi moja kila saa chache hadi 29 au 30, ongeza mapovu sana, ushikilie siku kumi hata chembe zikitoweka mapema. Waitiklaudi na Corydoras hawatavumilia joto hilo. Kwa hao tumia dawa ya dukani kwa kipimo cha kwenye chupa. Ndiyo maana samaki wapya wanafaa kukaa kwenye ndoo yao yenye sponji wiki tatu kabla ya kuwachanganya na wenyeji.

*Majani yanayeyuka.* Vallisneria na nyingine humwaga majani ya zamani zikibadilishiwa maji. Kata yaliyooza, acha mizizi. Majani mapya yakiwa ya njano wiki ya sita, mmea una njaa. Tia mbolea ya majini ya matangi, si ile ya kukuzia mahindi.

*Maji ya kijani au utando kwenye vioo.* Mwanga umezidi au chakula kimezidi. Punguza taa hadi saa tano, ongeza Ceratophyllum. Utando wa kahawia wa mwezi wa pili hupita wenyewe.

*Samaki anaruka nje.* Danio na waitiklaudi ni warukaji. Funika, ziba tundu la waya.

*Gapi wamejaa tangi.* Jike hushika mimba tena na tena, na hata ukimtenga na madume anaweza kuendelea kuzaa miezi kadhaa kwa mbegu alizohifadhi. Nunua madume tu, au tafuta mtu wa kumpa vifaranga mapema. Usiwamwage mtoni, iwe Kiwira au Ruaha Ndogo; samaki wa kigeni akizoea maji yale hatoki tena. Mabaki ya mimea nayo yakaushe juani kabla ya kuyatupa.